Kimbunga cha Papa Feruzi

Sehemu ya sita: Paa linarudi

Tulimwacha Papa Feruzi juu ya paa la nyumba yake, nyundo mkononi, msumari mdomoni, na sauti ya mtu wa bima ikitokea chini ya miguu yake. Juma zima amekaa hapo. Tumshushe.

Lakini kwanza, kwa wale ambao gazeti lao lilifungia makayabu, samaki wa chumvi, kabla hawajalisoma, habari ni fupi. Mto ulipanda. Uliingia mtaa wa Kabondo bila kubisha hodi, ukafika kwa Papa Feruzi, fundi cherehani anayevalisha abakosti, ile suti isiyo na tai, nusu ya wakubwa wa Kisangani, na leo siku ya tisa ungali humo kama shemeji. Papa Feruzi hakulia, kwa kuwa alikuwa na karatasi ya bima. Akampelekea jirani yake, mjomba wa mtaa mzima, tonton Wenceslas, karani mstaafu anayesoma Kifaransa hata kile kidogo cha chini kabisa ya ukurasa.

Tonton Wenceslas alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Feruzi, ndugu yangu. Hii karatasi iko nalipa mutu kama nyumba yake imevunjwa na kimbunga."

"Na maji?"

"Maji haiko ndani."

Kimbunga! Kisangani, katikati ya msitu, mahali ambapo ukitaka kwenda kuiona bahari kwa miguu utamaliza viatu vitatu na jozi moja ya magoti!

Na bila malipo ya bima, hakuna matofali mapya. Na bila nyumba mpya kabla ya Pasaka, kiwanja kinarudi kwa Serikali. Komine, yaani halmashauri, ilikwisha kulitangaza jambo hilo kwa kipaza sauti, mara tatu, kwa furaha. Kiwanja hicho babu yake Papa Feruzi alikipata alipochoka kufuata misafara kutoka Maniema. Alipiga matofali kwa mikono yake mwenyewe. Alijenga, akazaa, akafa, vyote humo humo.

Ndipo Papa Feruzi alipoamua kwamba, ikiwa kimbunga hakitaki kuja Kisangani, mtu mzima hana budi kukifanya mwenyewe. Jumamosi, saa moja asubuhi, akapanda. Alikwisha kung'oa mabati kumi na moja.

"Citoyen!" ile sauti ikarudia, maana nchini mwetu kila raia ni citoyen. "Unafanya nini huko yulu?"

Papa Feruzi akatema msumari.

"Natengeneza nyumba, citoyen."

"Unatengeneza kwa kung'oa?"

"Upepo ililegeza yote. Bon, nashusha yote, kisha narudisha yote. Ni vile sisi batu ya Kabondo tunatengeneza."

Aliyesimama chini alikuwa citoyen Kasongo, wakala wa bima, maji yakiwa magotini, suruali ikiwa imekunjwa hadi mapajani na mkoba wake ukiwa kichwani kama mama anayetoka sokoni. Alitoa daftari, akaandika. Hakuna kitu kinachomtisha raia kama mtu anayeandika huku amesimama ndani ya maji.

Ngazi ilikuwa imeshikwa na Mama Zaina, mke wa Papa Feruzi, ambaye tangu alfajiri alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Papa Kasongo," akasema, "miye nilimwambia."

"Zaina!" ikatoka juu.

"Nilimwambia: sema maji. Maji ndiyo ilikuja, sema maji. Mutu akisema uongo yulu ya nyumba, hata Mungu hana haja ya kuinama ili kumusikia."

"Zaina, shika ngazi, usishike maneno!"

"Niko nashika vyote viwili."

Kasongo alifunga daftari. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Ng'ambo ya ua tonton Wenceslas alikuwa ameketi juu ya meza yake mwenyewe, katikati ya mafuriko yake mwenyewe, akinywa chai na kutazama mawingu kwa umakini mkubwa wa mtu anayesikiliza kila neno.

Wakala akashusha sauti.

"Umetoa ngapi?"

"Kumi na moja," akasema Papa Feruzi, sauti ikiwa imekufa.

"Kidogo."

"Namna gani?"

"Iko kidogo! Kimbunga gani inavunja sebule na kuacha jikoni? Endelea na upande wa jikoni, haraka!"

Papa Feruzi alikaa juu ya boriti. Mama Zaina aliachia ngazi. Na citoyen Kasongo, mtu wa ofisi, mtu wa mihuri, akafungua moyo wake pale pale ndani ya maji.

Ilikuwa hivi. Alipopita Kabondo miaka miwili nyuma akiuza bima, watu wote walimwambia neno moja: mto. Walitaka bima ya mto. Akarudi ofisini kuchukua fomu za mafuriko. Fomu za mafuriko zilikuwa zimekwisha. Akaandika Kinshasa kuomba nyingine. Kinshasa ikanyamaza. Lakini depo ilikuwa na boksi zima la fomu za kimbunga, zilizochapwa kwa ajili ya visiwa fulani huko mbali na kupotelea Kisangani, Mungu anajua kwa meli gani. Rangi yake ilikuwa ile ile ya bluu. Na Kasongo, kama raia yeyote mwema ambaye ofisi yake haimpi kitu, akajitafutia.

"Niliuza arobaini," akasema. "Arobaini, Kabondo tu! Hata mama mukwe yangu nilimuuzia. Patron, mukubwa wangu, akijua, nimekwisha. Na leo anakuja."

"Nani anakuja?"

"Mutaalamu wa Kinshasa. Ndege ya saa sita. Saa tisa ataingia hapa, nyumba ya kwanza. Ile anaona hapa, ndiyo ataandika juu ya zote arobaini. Fomu yake iko na visanduku viwili: UPEPO, MAJI. Ataweka alama ndani ya kimoja. Akikuta nyumba bila bati, UPEPO, unalipwa, miye nalala. Akikuta bati, MAJI." Akainua mikono miwili kuelekea boriti tupu. "Papa Feruzi, ndugu yangu. Mupaka saa tisa, hata bati moja isirudi mahali pake!"

Papa Feruzi alicheka kwa mara ya kwanza tangu mto uingie kitandani mwake.

"Lakini nani atairudisha? Shetani?"

Naapa kwa heshima ya mafundi wote wa Zaire, hakumaliza kucheka. Kutoka barabarani ilisikika ngoma. Halafu filimbi. Halafu sauti za watu wengi wakiimba kwa nguvu ile ya watu walioambiwa waimbe.

"Feruzi!" akaita tonton Wenceslas kutoka mezani kwake. "Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Na Jumamosi asubuhi ni nini?"

Papa Feruzi akageuka kijivu.

Salongo!

Msomaji yeyote aliyezaliwa nchini hahitaji maelezo, ila huenda gazeti hili likaokotwa na mgeni. Salongo ni kazi ya wote, ya bure, ya kila Jumamosi, ambayo raia huiendea kwa hiari, na asiyekwenda kwa hiari huandikwa jina. Kazi ya mtaa ule ilikuwa kufagia barabara na kuzibua mifereji. Lakini Jumamosi hiyo barabara ilikuwa chini ya maji pamoja na mifereji yake, na citoyen Sefu, mkubwa wa mtaa na wa Chama, kile kimoja tu tulicho nacho, alikuwa na watu sabini, fagio sabini, na hakuna cha kufagia. Alipaswa kupeleka ripoti ya kazi kabla ya saa nane na nusu. Tangu saa moja alikuwa akizunguka Kabondo akitafuta kazi kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Akapinda kona. Akaiona nyumba ambayo paa lake limebaki upande wa jikoni tu. Macho yakamlegea kwa mapenzi.

"Citoyen Feruzi!" akalia. "Maskini raia! Nani amekutendea hivi?"

Papa Feruzi akamtazama Kasongo. Kasongo akamtazama Papa Feruzi kwa macho ya mtu mwenye mama mkwe.

"Kimbunga, citoyen chef, mukubwa wetu."

"Kimbunga?" Sefu akasimamisha ngoma. "Mtaani kwangu? Na hakikutoa taarifa ofisini?"

"Kilikuja haraka sana, citoyen chef."

"Hata hivyo." Sefu akafikiri kidogo, akaona kwamba kosa hilo halina mtu wa kukamatwa, akalisamehe. Akapuliza filimbi. "Citoyens! Citoyennes! Leo tunamrudishia ndugu yetu paa lake!"

Watu sabini wakapiga kelele za furaha. Kufagia maji kulikwisha kuwachosha.

"Hapana, hapana, chef!" Papa Feruzi aliteremka ngazi kwa matako. "Asante sana, lakini tuache. Miye mwenyewe nitafanya, pole pole. Kesho. Juma kesho. Musijisumbue."

Filimbi ikaanguka kutoka mdomoni mwa Sefu.

"Unakataa salongo?"

Hata vyura waliokuwa chini ya kitanda walinyamaza. Kuna maswali ambayo jibu lake huja limefungwa pamoja na swali.

"Miye?" akasema Papa Feruzi. "Miye nikatae salongo? Nilitaka kuuliza tu kama mulileta misumari ya kutosha."

Mama Zaina aliguna kwa namna ambayo mke pekee ndiye anaijua.

Lakini fundi ni fundi, hakati kitambaa kabla hajakigeuza pande zote. Papa Feruzi akageuza. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Shida iko moja, chef. Mabati. Upepo iliyapeleka yote. Batu banasema yalionekana yakipita yulu ya Isangi, kule mbali."

Sefu akahuzunika. Sabini wakahuzunika. Kasongo nyuma yao akainua kidole gumba. Mafanikio yalikuwa karibu kiasi hicho. Na yangebaki kama si Mama Pélagie, muuza chikwange, ule mkate wa muhogo, mwanamke ambaye hajawahi kupita nyuma ya nyumba ya mtu bila kuangalia.

"Chef! Chef! Njoo uone! Mabati iko huku, nyuma ya choo ya tonton Wenceslas! Upepo imeipanga moja yulu ya ingine, na imefunika na mukeka!"

Tonton Wenceslas alizama ndani ya kikombe chake cha chai hadi masikioni.

Umati wote ulikwenda ukatazama. Mabati kumi na moja, yamepangwa sawasawa, yamefunikwa mkeka, na jiwe juu ya mkeka ili usipeperuke. Papa Feruzi alifumba macho na kuanza kusoma kimya kimya sura fupi anazozijua.

Citoyen Sefu aliliangalia lile jiwe kwa muda mrefu.

"Mnaona, citoyens?" akasema hatimaye, kwa fahari. "Nchi za wengine, kimbunga hutawanya. Chetu kimepanga. Hata upepo wetu una nidhamu!"

Makofi. Ngoma. Kazi ikaanza.

Historia itakumbuka kwamba hakuna nyumba iliyowahi kuezekwa kwa kasi ile. Walipanda ishirini kwa mara moja. Wengine walipiga misumari, wengine walishika misumari, wengine waliimba juu ya misumari. Papa Feruzi naye akapanda tena, kwani hakuna aliyeweza kumzuia mwenye nyumba kufanya kazi kwake. Walipopigilia upande wa mashariki, yeye alikwenda magharibi akang'oa. Walipohamia magharibi, akahamia mashariki. Alikuwa akitoa msumari mmoja kila walipotia kumi, jasho likimtoka, ulimi nje.

"Mwangalieni!" Sefu akawaonyesha wengine. "Hajapumzika hata mara moja! Kila upande yumo! Mfano kwa vijana!"

"Feruzi, wacha," akanong'ona Mama Zaina kutoka ngazini. "Utakufa, na bima hailipi ukifa na mushipa."

"Karatasi inasema hivyo?"

"Karatasi yako inasema hakuna inacholipa. Hiyo miye naweza kuisoma."

Saa sita mabati yote yalikuwa juu. Papa Feruzi aliketi juu ya kiti ndani ya maji, akajipa moyo. Mabati kumi na moja, misumari ya kawaida. Yeye na Kasongo, kwa saa mbili, wangeweza. Hapo Sefu akakohoa kuomba usikivu.

"Kimbunga kinaweza kurudi," akasema.

"Haitarudi, chef. Nakuapia."

"Wewe unakijua kiasi gani? Ofisi ya mtaa ilipewa mabati kumi na mbili kwa ajili ya paa lake. Nimeamua. Ofisi itangoja! Raia kwanza!"

Mabati kumi na mbili yakaja juu ya vichwa vya watu kumi na wawili. Yakalazwa juu ya yale ya kwanza. Yakapigwa misumari ya inchi sita, na kwa ndani misumari ikakunjwa. Halafu, ili kazi iwe kazi, magogo manne. Halafu, ili magogo yasihame, mawe. Kila raia jiwe moja: sabini. Sefu akalipanda paa, akarukaruka mara tatu. Paa halikusema kitu.

"Kije sasa!" akalia kuelekea mawinguni.

Wakaondoka wakiimba, Sefu mbele, akiwahi kuandika ripoti yake. Nyuma yao walibaki watu watatu wakiitazama nyumba iliyozama ndani ya mto hadi magotini, yenye paa ambalo ikulu ingelionea wivu.

"Tunaing'oa," akasema Kasongo.

"Na nini? Meno?"

"Papa Feruzi, iko saa nane kasoro. Mutaalamu anakuja saa tisa. Saa moja nzima!"

Papa Feruzi alipanda. Akaingiza nyundo chini ya msumari wa kwanza. Akavuta. Akavuta kwa jina la babu yake. Mpini wa nyundo ukakatika, naye akaenda kwa mgongo hadi ukingoni mwa paa, akashikwa na jiwe namba arobaini na kitu.

Barabarani, honi ya gari.

"Hapana," akasema Kasongo. "Hapana, hapana. Iko mapema!"

Mtaalamu wa Kinshasa alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye abakosti iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alizaliwa Kindu, akasoma ng'ambo, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi ya mamba. Alitazama maji. Alitazama viatu. Kasongo akaelewa, akageuza mgongo, akainama. Ndivyo Makao Makuu ya bima yalivyoingia uani kwa Papa Feruzi, yamebebwa mgongoni na wakala wake, mkoba juu, miguu ikining'inia.

"Hii ndiyo nyumba ya kimbunga?" akauliza kutoka mgongoni.

"Ndiyo, patron," akasema Kasongo, akihema.

Mtaalamu akainua kidevu. Akahesabu mawe kwa macho, akachoka, akaacha.

"Paa zuri," akasema.

Akamtafuta mwenye nyumba kwa macho.

"Citoyen, mimi nimeona vimbunga. Nimeviona visiwani kwa macho yangu. Kimbunga huchukua paa na kuacha maji. Chenu kimeleta maji na kuacha mapaa mawili."

"Salongo ndiyo ilirudisha, patron!" Papa Feruzi alikuwa ameteremka, analowa, nusu ya mpini ingali mkononi. "Asubuhi haikuwako! Uliza kila mutu!"

"Kila mtu ni jirani yako. Na kila jirani yako ana fomu ya bluu." Mtaalamu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayependa kazi yake. "Nipelekeni ndani, mahali pakavu. Nitaweka alama, niende nyumba ya pili."

Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu: meza ya kukatia vitambaa, ndefu, iliyosukumwa hadi ukutani upande wa mto. Kasongo akamtua hapo kama mtu anayetua mtungi. Mtaalamu akakunja miguu, akatoa fomu, akailaza gotini. Visanduku viwili. UPEPO. MAJI. Akatoa kalamu yake, Bic.

Papa Feruzi aliitazama ile Bic ikienda kulia. MAJI ilikuwa kulia. Alimwona babu yake akichukua mkeka na kutoka. Alikiona kiwanja kikipimwa kwa kamba na watu wa komine.

"Citoyen Feruzi!"

Mlangoni alisimama Sefu, peke yake, amelowa, karatasi imeinuliwa juu ya kichwa. "Ripoti yangu! Sahihi yako tu inakosekana. Nataka kuipeleka kabla ya saa nane na nusu." Akamwona mgeni, akajinyoosha. "Ah! Citoyen mkubwa! Soma na wewe, ujue Kabondo inavyofanya kazi!"

Mtaalamu aliipokea kwa vidole viwili. Akasoma kwa sauti, kwa dharau.

"'Salongo ya leo. Raia sabini, kwa moyo mmoja, wamerudisha paa la citoyen Feruzi, lililong'olewa lote na kimbunga...'"

Sauti ikapungua. Chini ya maneno hayo kulikuwa na sahihi. Chini ya sahihi, muhuri. Mwekundu, mviringo, mbichi. Muhuri wa Chama.

Kwa mara ya kwanza mikunjo ya abakosti ile ililegea. Mtaalamu aliusoma muhuri mara mbili, ingawa hauna maneno mengi. Kila aliyekuwamo chumbani aliona hesabu ikipita usoni mwake. Kuandika MAJI kulikuwa sasa ni kuandika kwamba hapakuwa na kimbunga. Na kuandika kwamba hapakuwa na kimbunga kulikuwa ni kuandika kwamba Chama kimesema uongo, kwa mwandiko wake mwenyewe, katika nakala tatu.

"Kuna nini, citoyen mkubwa?" akauliza Sefu kwa upole. "Kuna kosa katika ripoti?"

"Hakuna," akasema Mtaalamu haraka. "Hakuna hata moja. Ni ripoti... nzuri sana."

Akamrudishia. Papa Feruzi akatia sahihi, Sefu akatoka mbio ndani ya maji, na tonton Wenceslas, ambaye alikuwa ameingiza kichwa dirishani bila aibu yoyote, akaanza kulia kwa furaha. Ile salongo! Ile salongo iliyomnyonga Papa Feruzi asubuhi, ndiyo iliyomfufua mchana!

"UPEPO," akasema Mtaalamu kwa uchungu. "Basi. UPEPO."

Bic ikageuka kushoto.

Hapo ndipo Papa Feruzi aliposikia kitu. Sauti ndogo, kama mtu anayetafuna karanga taratibu.

Akatazama ukuta. Ukuta wa upande wa mto, ule nyuma ya meza, matofali mabichi ya babu. Siku tisa Kabondo yote ilikuwa ikitazama juu: mabati, misumari, mawingu. Siku tisa maji yalikuwa chini, hayana haraka, yakiunywa ukuta kuanzia miguuni. Na leo watu sabini walikuwa wameuwekea juu mabati kumi na mbili, magogo manne na mawe sabini.

Ufa ulitoka sakafuni. Ulipanda pole pole, upana wa kidole, ukapita meza, ukapita bega la Mtaalamu, ukafika kwenye boriti. Kupitia humo Papa Feruzi aliuona mto.

Kasongo hakuona, alikuwa anaitazama Bic. Tonton Wenceslas hakuona. Alikuwa anafuta miwani. Mtaalamu hakuona, ufa ulikuwa nyuma yake.

Akipiga kelele, Mtaalamu ataruka, atageuka, atauona mto ukibomoa nyumba mbele ya macho yake. Na huyo ni mtu anayeamini macho yake. Hakuna muhuri utakaomsahaulisha. Lakini asipopiga kelele...

Papa Feruzi akafungua kinywa.

Mkono ukakifunika. Ulikuwa mkono wa Mama Zaina, aliyekuwa ameingia nyuma yake, Mama Zaina wa "sema maji", Mama Zaina aliyemhubiria ukweli tangu alfajiri. Naye alikuwa ameuona ufa. Alimwangalia mumewe, akatikisa kichwa: hapana. Akamwachia, akasogea ndani ya maji bila kuyavuruga, akafika kwenye meza, na kwa adabu kubwa, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo ya mgeni, akaishika kola ya abakosti ya Mtaalamu kwa mikono miwili, tayari kuvuta.

Midomo yake ikasema bila sauti: Kwanza alama.

Ukuta ukatafuna tena. Vumbi likaanguka juu ya fomu. Mtaalamu akalipuliza, akaiweka Bic ndani ya kisanduku cha UPEPO, akakandamiza, akavuta mstari.

Hakuna kilichoandikika. Akaitikisa. Akaandika kiganjani. Akailamba. Hakuna.

"Unyevu," akasema, akaweka Bic chini. "Nani ana kalamu nyingine?"

Na huku akingoja, mtu huyo mdogo, mkavu, aliyechoka kwa safari, akavuta pumzi ndefu na kuuegemea ukuta.